"Omba, mama, mimi siwezi kukuigizia": Mume wangu haamini Mungu, sasa anaamini nini?

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara tatu na kuifuta mara tatu, maana kila nikiliandika neno lenyewe naona kama namchongea mume wangu. Naomba usitaje jina langu wala dini yetu. Tuseme tu sisi ni watu wa ibada, na kila anayetufahamu anajua hivyo.

Tumeoana miaka 14. Tuna watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Mume wangu si mlevi, si mkali, hajawahi kuniinulia mkono. Siku ya ibada tunatoka pamoja na kurudi pamoja. Hayo nayasema mapema usije ukadhani nakuletea kesi ya mume mbaya. Ingekuwa hivyo ningejua pa kuanzia.

Miezi minne iliyopita yule mdogo alishikwa na homa usiku. Alikuwa anahema kwa shida, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Mume wangu alikuwa ameshapiga simu kutafuta usafiri, tukawa tunasubiri. Mimi nikapiga magoti kando ya kitanda. Yeye alikaa ukingoni, kiganja kimoja juu ya kifua cha mtoto, macho kwenye saa ya mkononi, anahesabu pumzi kimyakimya, midomo inacheza. Nikamwambia, "Baba watoto, tuombe." Hakujibu. Nikarudia kwa sauti. Akasema bila kuinua macho: "Omba, mama. Mimi siwezi kukuigizia usiku wa leo."

Mtoto alilazwa siku tatu, akapona, namshukuru Mungu. Lakini lile neno "kukuigizia" halikutoka kichwani. Tuliporudi nyumbani nikambana. Akaniambia haamini Mungu. Si kwamba ana hasira naye, si kwamba amehamia dini nyingine. Haamini tu, na ni kama miaka tisa sasa. Nikamwuliza, ni kifo cha baba yako? Akasema hapana, baba alikufa baadaye. Nikamwuliza nani amekuingiza? Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema hakuna aliyemwingiza popote.

Miaka tisa, Shangazi! Mtoto wetu wa pili amezaliwa ndani ya miaka hiyo. Siku ya kumpa jina tulimwombea pamoja. Yule aliyekuwa akiitikia "Amina" pembeni yangu alikuwa nani?

Tangu hapo, akishalala, nasoma kwenye simu nikitafuta hawa watu wanaamini nini. Ndiyo kwanza nimechanganyikiwa. Mmoja anasema hakuna roho, mtu akifa ameisha. Mwingine haamini Mungu, lakini anaamini watu huzaliwa upya. Yupo anayesema dini ni sumu na watoto waepushwe nayo, yupo anayesema nyimbo za ibada zinamliza hadi leo. Mmoja aliandika kwamba pasipo Mungu hakuna jema wala baya, kila mtu afanye atakalo. Huyo aliniondolea usingizi kabisa. Najaribu kumpanga mume wangu, yumo kundi gani? Wana kitabu? Wana kiongozi? Wamekubaliana nini, ili nijue naishi na mtu wa namna gani?

Halafu kuna kiapo. Tulioana kwa kuapa mbele ya Mungu. Kama kwake Mungu hayupo, ni nini kinachomfunga kwangu? Nilimwuliza. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wewe." Sikujua nifurahi au nilie.

Juzi binti yetu aliniuliza, "Mama, mbona baba hafumbi macho tukiomba?" Nikamwambia baba anatulinda. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwa ajili yake.

Nimefikiria kumwambia kaka yangu, au kiongozi wetu wa ibada, au mama mkwe. Rafiki yangu mmoja, bila kujua namsema nani, aliniambia mtu asiye na imani si wa kulala naye chumba kimoja. Mume wangu ameniomba nisiseme. Nikisema, nimemvunja. Nisiposema, nahisi nashiriki.

Na kuna jambo dogo, naona hata aibu kuliandika. Kila asubuhi akitoka bado anasema, "Tutaonana jioni, Mungu akipenda." Ananikejeli?

Ni mimi,
Mke wa Asiyesema Amina

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ugonjwa wa mtoto, na pole zaidi kwa miezi minne ya kusoma gizani peke yako.

Kama nimekuelewa, mzigo wako ni huu: mtu uliyeishi naye miaka 14 haamini unachokiamini wewe; unataka kujua basi anaamini nini; na unataka kujua kama ndoa, watoto na siri hii vinaweza kukaa chini ya paa moja. Sitakuambia uondoke wala ubaki, nyumba yako unaijua wewe. Ila kuna maneno kadhaa kwenye barua yako ningependa tuyageuze tuyatazame upande wa pili.

Nianze na la rafiki yako, "mtu asiye na imani". Neno letu hili lina mifuko miwili. Mfuko mmoja una kuamini, mwingine una huruma. Tukisema "muonee imani mtoto wa watu" hatuzungumzii habari za Mungu hata kidogo. Na tukisema fulani hana imani, mara nyingi tunamaanisha ni katili. Kwa hiyo mtu akitamka kwamba haamini, Kiswahili chenyewe kinakunong'oneza kwamba huyu pia hana huruma, na kinanong'ona kabla hujamtazama mhusika. Wewe ulimtazama. Ulimwona ameweka kiganja kifuani mwa mtoto, anahesabu pumzi. Umeniandikia hadi midomo yake ilivyokuwa inacheza. Sisemi hilo linamaliza mambo. Nasema usikubali neno lenye mifuko miwili limhukumu mumeo kwa mfuko usio wake.

Na "mkana Mungu", ambalo hukuliandika lakini najua umelikuta huko ulikokuwa unasoma, nalo lina mtego. Kukana ni kwa mtu unayemjua. Petro alimkana Yesu mara tatu kwa kuwa alikuwa amekula naye. Mzazi humkana mwanawe. Kwa jinsi ulivyoeleza, mumeo hasemi "namjua ila simtaki". Anasema hamuoni. Kwako huenda tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwake inaweza kuwa ndiyo jambo lenyewe, na ukimwita mkana Mungu atatumia jioni nzima kujitetea kwa kosa ambalo hajaliona. "Kafiri" ndiyo kabisa. Hilo watu wa ibada wanaitana hata wao kwa wao, linaeleza nani yuko nje ya uzio wangu, halielezi ameshika nini mkononi. (Nami niungame, ujanani nilikuwa nalitumia kama fimbo.)

Sasa lile la "nani amekuingiza". Ulidhani kuna mlango, ndiyo maana kicheko chake kikakuuma. Lakini jambo hili halina mlango. Hakuna ubatizo, hakuna shahada, hakuna kadi. Hata jina lenyewe, atheisti, kwa karne nyingi watu hawakujiita, walibandikwa. Ni la Kiyunani: "a" ya kukosa, "theos" ni mungu. Mwaka 399 KK mji wa Athene ulimhukumu mwanafalsafa Sokrate kifo, na shtaka mojawapo lilikuwa kutoitambua miungu ya mji. Wakristo wa mwanzo nao waliitwa hivyohivyo chini ya Warumi, kwa kuwa hawakutoa sadaka kwa miungu ya dola. Justino, msomi Mkristo wa karne ya 2, alikubali kwa maandishi kwamba kwa miungu ya namna hiyo, naam, wao ni hao. Fikiria: watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya Mungu wao waliitwa wasio na Mungu.

Siku hizi wapo wanaojiita wenyewe, ila hata hao hawajasimama pamoja. Kuna asiyeamini kwamba Mungu yupo, na kuna anayeamini kwamba Mungu hayupo. Usiseme ni kitu kimoja. Mtu akikuambia kuna barua yako iko njiani, unaweza kukaa bila kuiamini habari hiyo, na bado usiape kwamba hakuna barua. Wa kwanza anasema hajashawishika. Wa pili anatoa dai, na ukimwomba sababu lazima awe nazo. Halafu kuna wanaosema jambo hili halijulikani. Mwingereza Thomas Huxley aliwatungia jina mwaka 1869, agnostiki, mtu asiyedai kujua. Na kujua si sawa na kuamini. Wapo waumini wengi wa kweli ambao ukiwabana watakiri hawajui, wanaamini. Mumeo anaweza kuwa haamini na pia hadai kujua. Je, umemwuliza? Kwenye barua yako nimeona maswali ya nani na lini. Sikuona swali la "unamaanisha nini hasa".

Ulitaka kujua wamekubaliana nini. Jibu langu huenda likakuchosha: karibu hakuna. Wakusanye watu wote ambao hawana ndoa, uwaulize msimamo wao ni upi. Utakuta mjane, mtawa, kijana wa miaka 20, mwingine aliyekimbiwa, mwingine ambaye hataki hata kusikia. Wanashiriki kitu wasichonacho. Ndivyo ilivyo hapa. Karl Marx hakuamini Mungu, na alitaka mitaji ya watu binafsi iishe. Mwandishi Ayn Rand naye hakuamini, akatumia maisha yake kuutetea ubepari na haki ya mtu kujitafutia faida yake. Hawa wawili wangekaa meza moja wasingemaliza hata salamu.

Wajaini wa India hawana Mungu muumba katika mafundisho yao, lakini wanaamini roho, wanaamini kuzaliwa upya, na nadhiri yao ya kutodhuru kiumbe ni kali kiasi kwamba baadhi ya watawa wao hutembea na ufagio laini, wanafagia njia mbele ya miguu wasije wakamkanyaga mdudu. Katika nchi hiyohiyo ya kale kulikuwa na Wacharvaka, wasioamini Mungu wala roho wala maisha baada ya kifo. Kwa hiyo wale wawili uliowasoma, wa "ukifa umeisha" na wa kuzaliwa upya, hakuna aliyekuwa anadanganya. Walikuwa wanashiriki neno moja tu. Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi katika nchi sita (Brazil, China, Denmark, Japani, Uingereza na Marekani) walitoa matokeo yao: wasioamini Mungu wanatofautiana sana baina ya nchi na nchi, na katika kila nchi ni wachache tu kati yao waliokataa kila kitu kinachopita maumbile. Wengine bado walikubali mambo kama majaaliwa.

Wapo waliokaa wakaandika wanachokisimamia. Wahumanisti, yaani watu wanaosimamisha maadili yao juu ya utu bila kumtegemea Mungu, walikutana Amsterdam mwaka 1952, wakaunda umoja wao na kutoa tamko kuhusu utu, akili na wajibu wa mtu kwa mwenzake. Hilo ni jambo la nyongeza, wala si kila asiyeamini amelikubali au hata kulisikia. Na kwa kuwa najua utakutana nayo usiku mmoja kwenye simu, niitaje mwenyewe: zipo serikali zilizoufanya ukosefu wa imani kuwa amri. Albania mwaka 1967 ilifunga nyumba zote za ibada na kujitangaza nchi ya kwanza isiyo na Mungu. Waumini waliumizwa kweli. Lakini kumpachika mumeo hilo ni sawa na mtu kukupachika wewe vita vyote vilivyopiganwa kwa jina la dini yako.

Basi yule aliyeandika kwamba hakuna jema wala baya alikuwa anasema lake. Wapo wanaofikiri kama yeye, na wapo wasioamini wanaompinga kuliko unavyompinga wewe. Huwezi kumsoma mumeo kwa kumsoma mgeni. Mtu wa kumsoma umelala naye ubavuni, na badala ya kumwuliza unasubiri asinzie ufungue simu.

Swali lako la kiapo ni zito, nalo ni la zamani. John Locke, mwanafalsafa aliyetetea uvumilivu wa dini, mwaka 1689 aliandika kwamba wasioamini Mungu wasivumiliwe, kwa sababu ahadi na viapo haviwezi kuwashika. Yaani wasiwasi wako ulimshika hata bingwa wa uvumilivu. Miaka karibu mia mbili baadaye, mwaka 1880, Charles Bradlaugh alichaguliwa kuingia Bunge la Uingereza. Hakuamini Mungu, na alikuwa halifichi. Akaomba atoe ahadi badala ya kiapo cha dini. Wakakataa. Akasema basi nitaapa. Wakakataa tena, kiapo cha mtu kama wewe hakina maana. Akachaguliwa tena, na tena, na tena, na hakukaa kwenye kiti chake kwa amani hadi 1886. Mwaka 1888 ikapita sheria, yeye mwenyewe akiipigania, ya kumruhusu yeyote atoe ahadi bila kumtaja Mungu. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba angeinamisha kichwa tu na kunung'unika maneno yale tangu siku ya kwanza, hakuna ambaye angemsumbua. Alisumbuliwa kwa kuwa alisema wazi kilichokuwa moyoni mwake.

Mumeo ni wote wawili, ndiyo maana umechanganyikiwa. Miaka tisa aliinamisha kichwa. Usiku mmoja, mtoto akiwa hoi, hakuweza tena.

Na hapa niseme kwa upande wako, kwa sababu nisingependa uone namtetea yeye. Kutoamini na kuficha ni mambo mawili. Ungekuwa na mume mcha Mungu aliyekuficha deni miaka tisa, usingizi ungekukimbia vilevile. Ulinyimwa nafasi ya kumjua mtu uliyekuwa naye. Hilo una haki ya kuumia na una haki ya kumwambia, bila kulichanganya na hoja za Mungu yupo au hayupo. Mwambie hivi: "Siongei habari ya Mungu leo, naongea habari ya sisi wawili. Kwa nini hukuniambia?" Kisha nyamaza, umwache ajibu hata kama ni kesho. Inawezekana aliogopa kukupoteza. Inawezekana pia hakujua siku yenyewe. Wengi huwa hawaamki asubuhi moja wakakuta imani haipo, huja kugundua baadaye kwamba imeshaondoka, halafu wanahesabu kurudi nyuma. "Miaka tisa" inaweza kuwa hesabu ya namna hiyo. Na zile "Amina" zinaweza kuwa uongo, au zinaweza kuwa zilikuwa zinasemwa kwako, maana ulikuwa pembeni. Mimi sijui. Yeye anajua.

Ulimtafutia jeraha, kifo cha baba, na akasema hapana. Naomba umsikie. Wapo wanaofika huko kwa maumivu, wengine kwa kusoma, wengine pole pole bila tukio lolote. Ukiendelea kumtafutia kidonda atajiona mgonjwa ndani ya nyumba yake. Atarudi? Watu hubadilika kwa pande zote mbili. Mwanafalsafa Antony Flew alitetea kutoamini kwa miongo mingi, na mwaka 2004, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, akatangaza kwamba sasa anaona Mungu yupo, ingawa hakujiunga na dini yoyote. Nakutajia ili ujue inatokea. Ila ukiamua kubaki, jiulize kama unaweza kubaki na huyu aliyepo. Kubaki na yule unayemsubiri kuna hatari yake. Kila mwaka asiporudi utaona umedhulumiwa tena, naye ataona yuko kwenye mtihani usio na tarehe.

Tuje kwa kusema na kutosema. Umetaja kaka, kiongozi na mama mkwe, watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayeweza kuisikia habari hii kisha akae kama hakuisikia. Kabla ya kufungua mdomo, jua mambo mawili. Kwanza, dini yenu inasemaje juu ya ndoa ambayo mmoja ameiacha imani. Zipo zinazoivumilia ndoa hiyo, na zipo ambazo kwazo swali la uhalali wake huanza palepale, na likishaulizwa rasmi huliongozi tena wewe. Unaweza kulisoma au kuliuliza bila kutaja jina. Pili, sheria ya nchi mnayoishi. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 18, linataja uhuru wa mtu kubadili dini au imani yake, lakini zipo nchi ambako kuacha dini ni kosa la jinai, na chache ambako adhabu yake inaweza kufika kifo. Neno likitoka halirudi nyuma. Anapokuomba usiseme, pengine anapima hatari ambayo wewe hujaipima. Au pengine anaona aibu tu. Ni vizuri ujue ni lipi.

Lakini kukaa na hili peke yako nako kunakula. Umeanza kusema uongo kwa mtoto, umeanza kupeleleza usiku. Mwambie mumeo kwamba unahitaji mtu mmoja wa kupumua kwake, mkamchague pamoja: mwenye kifua, asiye na hisa katika ukoo wenu, kama ni mshauri wa ndoa vizuri zaidi. Akikataa hata huyo mmoja, nalo ni jambo la kuzungumza, maana sasa ni siri yenu wawili na haiwezi kulindwa na mmoja kwa gharama ya mwingine.

Watoto. Hapa ndipo ninapoona familia nyingi zinajikwaa, na si kwa sababu ya Mungu. Zinajikwaa kwa sababu mtoto anafanywa tarishi: kamwambie baba yako aje tuombe, kamwulize mama yako kwa nini. Mnaweza kuendelea kuficha, na hatari yake umeshaiona, binti wa miaka 11 anatazama macho ya baba yake. Mnaweza kumwambia wazi kwamba mama anaamini na baba haamini. Hatari yake ni kwamba mtoto hana kifua cha siri, leo kwenu kesho uwanjani, na kama kwenu hatari ya nje ni kubwa, lipimeni sana hili. Mnaweza pia kwenda kwa umri, yule mkubwa ajibiwe alichouliza na si zaidi, mdogo aachwe acheze. Lolote mtakalochagua, mkubaliane kwanza mawili: wewe unawafundisha nini bila yeye kukebehi, na yeye anaruhusiwa kujibu nini akiulizwa bila wewe kulia. Hukuniambia kama amewahi kukuzuia kuwapeleka watoto ibadani. Kama kwa miaka tisa hajafanya hivyo, basi yule wa "dini ni sumu" uliyemsoma usiku huenda si jamaa yake. Mwulize.

Umwombee? Nani atakuzuia. Ila usiombe kwa sauti ya kumsikilizisha, hiyo huwa hotuba.

Nimalizie na lile dogo uliloona aibu kuliandika. "Mungu akipenda" ya asubuhi inaweza kuwa mazoea ya ulimi tu. Lugha tuliyolelewa nayo imejaa Mungu, na asiyeamini hana nyingine ya kuagia. Inaweza pia kuwa ni heshima, anakuachia neno analojua ukitoka nalo unakuwa na amani. Kejeli nayo haiwezi kuondolewa kabisa, ingawa mtu wa kejeli asingekaa kimya muda mrefu kabla ya kukujibu "Wewe". Kesho akisema hivyo, mshike mkono mlangoni umwulize anamaanisha nini. Na binti akirudia swali lake, mwambie akamwulize baba mwenyewe. Niandikie wamejibizana nini.

Shangazi